Unene wa Utando Mbichi

Puerto Cenizo, Jumatatu, 9 Machi 2009
Asubuhi ukungu juu ya mto, digrii kumi na nne, hakuna upepo.

Mwanangu Marisel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Mti wa membrillo umezaa kupita kiasi mwaka huu. Nimepika jamu masufuria manne na bado matunda yanaoza chini. Kaburi la mama yako nililisafisha Jumamosi na kubadilisha maua. Jirani yetu wa kona ameuza ng'ombe wake wa mwisho na sasa analalamika hana la kufanya asubuhi.

Barua yako ya Januari niliisoma mara tatu. Umenieleza chumba ulichopanga, jirani anayepiga kodiani, hata paka wa mwenye nyumba umemtaja jina. Jina la profesa wako hukulitaja. Nimelikuta gazetini, kwenye orodha ya wanafunzi wapya wa udaktari wa hesabu: chini ya Heber Irigaray.

Mama yako alizoea kukwambia kwamba kule Montevideo, kwa Irigaray, mimi niliosha vyupa. Niliviosha, ndiyo. Lakini katika maabara ya mtu huyo, miaka tisa, kuanzia 1991 hadi 2000, nilikuza utando wa bakteria juu ya vipande vya mirija ya hospitali, nikapima unene wake kwa hadubini, kipande kwa kipande, zaidi ya elfu mbili. Namba zote za makala iliyompa umaarufu zilipitia macho yangu haya. Makala ilipokuwa inakamilika nilimuuliza kwa adabu, "Daktari, jina langu litakaa wapi?" Alikuwa anakunywa chai ya yerba, hata kibuyu hakukiweka chini. Akasema, "Ofelia, bibi wee, tangu lini mizani ya bucha ikatia sahihi kwenye nyama?" Wenzake wakacheka.

Kicheko kile nimekaa nacho miaka kumi na moja. Tarehe yake ninayo: 22 Mei 1998.

Sikuombi umwache. Nakuomba ubaki. Kaa jikoni kwake mpaka ujue moto wake anauwasha kwa kitu gani. Nina madaftari kumi na manne ya miaka ile. Ukiwa tayari, anza na jambo moja tu: pima unene wa utando upya, kwa mkono wako, wala usiliamini jedwali lake.

Mama yako mkubwa,
Ofelia


Montevideo, 2 Aprili 2009

Mama Mkubwa mpendwa, shikamoo.

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi sijambo. Mwenye nyumba amekubali niweke jiko la kuni kabla ya baridi, kwa sharti nimpashie na yeye maji ya yerba kila asubuhi. Jamu yako imefika salama; nusu imeliwa na watu wa ofisini ambao sikuwakaribisha.

Jina lake sikulitaja kwa sababu nilijua ungeniambia niondoke, au ungeniambia nibaki, na yote mawili niliyaogopa.

Sasa nikueleze kwa nini nilimchagua. Januari, nilipokuwa napanga karatasi za mama, nilikuta fomu ya ile kliniki alikosafishwa damu. Imeandikwa: "Dawa ikae ndani ya mrija dakika ishirini, kisha itolewe." Chini, kwa herufi ndogo: Irigaray, 1999.

Kazi yetu hapa ni kuandika milinganyo inayoonyesha dawa inavyopenya ndani ya utando. Bakteria hawakai uchi ukutani mwa mrija. Hujifunika ute, tabaka juu ya tabaka, na dawa hujipenyeza humo polepole huku sehemu yake ikinaswa njiani. Ni kama maji kwenye kibuyu cha majani ya yerba yaliyoshindiliwa: upande mmoja umelowa, upande wa pili ni mkavu hata umimine mara kumi. Na kuna kanuni moja isiyosamehe: utando ukiwa mnene mara mbili, dawa inahitaji muda mara nne. Ukiwa mara tatu, muda mara tisa. Kwa hiyo anayekosea unene kidogo anakosea muda sana, na bakteria wa chini kabisa wanabaki hai, wakisubiri.

Mama alikufa kwa maambukizi yaliyoanzia kwenye mrija ule. Nimekuja hapa kujua kama dakika ishirini zilikuwa kweli. Kama hazikuwa kweli, mtu huyu atalipa, na nitahakikisha analipa mbele ya watu.

Nina swali moja. Wewe ndiye uliyekuwa unampeleka mara tatu kwa wiki. Je, ndivyo walivyofanya? Walihesabu ishirini kamili?

Mwanao,
Marisel


Puerto Cenizo, Jumatatu, 25 Mei 2009
Asubuhi baridi kavu, digrii tano, jalidi kwenye nyasi hadi saa tatu.

Mwanangu Marisel,

Nisamehe kuchelewa. Goti lilinilaza wiki mbili, halafu paa likaanza kuvuja upande wa stoo na fundi akanizungusha kama kawaida yao. Mengine ni salama.

Furaha niliyoipata kwa barua yako sitaificha. Nilidhani nina hasira ya mtu mmoja, kumbe tuko wawili. Nimeweka kwenye basi la usiku boksi lenye madaftari ya kwanza hadi la nane. Lifuate mwenyewe kituoni, usitume mtu. Kila ukurasa una tarehe, joto la chumba, umri wa utando na unene wake.

Nimesikia Novemba watamfanyia sherehe ya kustaafu, na ukumbi utajaa wanafunzi wake wa zamani. Hapo ndipo pa kumshika. Mtu wa namna yake ukimwambia ofisini atakukalisha, atakupa yerba, atakwambia ni mjadala wa kisayansi. Ukimwambia mbele ya mkewe na watu mia mbili hana pa kushika.

Umekwisha kupima?

Mama yako mkubwa,
Ofelia


Montevideo, 3 Julai 2009

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia vidole vikinuka spiriti. Habari za nyumbani nitaziuliza mwishoni maana siwezi kusubiri.

Nimepima. Nilikuza utando kama wewe, siku kumi, joto lile lile, nikaupima ukiwa bado ndani ya maji yake: mikroni mia na sitini. Kisha nikafuata utaratibu ulioandikwa kwenye makala yake, kwamba vipande vitiwe kwenye spiriti na kupimwa vyote Ijumaa. Arobaini. Nikarudia mara kumi na mbili. Spiriti inanyonya maji, utando unasinyaa kama tini iliyoanikwa, unabaki robo. Jedwali lote limejengwa juu ya utando uliokaushwa, Mama Mkubwa. Ndani ya mrija wa mgonjwa hakuna aliyeukausha.

Unene mara nne, muda mara kumi na sita. Zile dakika ishirini ni saa tano na dakika ishirini.

Nilikaa sakafuni maabara nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Kisha nikaanza kuandika hotuba. Jana alipita mezani kwangu akauliza, "Binti, mbona unafanya kazi kama mtu anayedaiwa?" Nikamwambia, "Nadai, profesa." Akadhani ni utani, akanipa biskuti.

Nahitaji madaftari yaliyobaki, hasa ya majira ya baridi ya 1998, kabla makala haijachapishwa. Nataka kuonyesha kwamba alikuwa na nafasi ya kujua.

Na lile swali langu la Aprili hukunijibu.

Paa je? Fundi amerudi?

Marisel


Puerto Cenizo, Jumatano, 29 Julai 2009
Asubuhi mvua ya mawe kwa dakika nne, kisha jua.

Mwanangu Marisel,

Leo ni tarehe ishirini na tisa, kwa hiyo nimepika nyoki, vile vidonge vya viazi vya kila tarehe hii, na kuweka noti chini ya sahani ili pesa isikauke, kama mama yako alivyopenda, ingawa kula peke yangu ni kazi. Fundi amerudi, ameziba, panavuja pengine.

Mara kumi na sita. Nimeandika namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya sinki. Hongera. Kichwa hicho si cha baba yako, ni cha ukoo wetu.

Boksi la pili liko njiani: daftari la kumi hadi la kumi na nne. La tisa limeoza. Lilikuwa chini kabisa, pale stoo panapovuja, nikalikuta limekuwa uji. Usilisikitikie, halikuwa na kitu kipya.

Kuhusu kliniki: nesi Mirta ni mwangalifu, ana kengele ya jikoni ya kuhesabu dakika, yenye umbo la kuku, anaizungusha kila mgonjwa anapowekewa dawa. Zaidi ya hapo tafadhali usinirudishe kwenye chumba kile.

Andika hotuba yako vizuri. Usimpe nafasi ya kujibu.

Ofelia


Montevideo, 20 Agosti 2009

Mama Mkubwa,

Leo ni mwaka mmoja tangu tumzike mama. Sina salamu.

Wewe ni mtu wa utaratibu. Kila unapofungua daftari jipya, mstari wa kwanza unahamisha jambo la mwisho la daftari lililotangulia, ili mnyororo usikatike. Katika madaftari niliyo nayo umefanya hivyo mara kumi na mbili bila kukosa. Ukaondoa daftari la tisa ukasahau mstari wa kwanza wa daftari la kumi. Nauandika hapa kama ulivyo:

"Kutoka daftari 9, uk. 61. 3 Juni 1998. Kipande kile kile: kibichi 158, baada ya spiriti 41. H.I. hajapewa."

Nilikwenda nao kwa Irigaray. Nilitaka aniambie ni uongo. Aliusoma amesimama, halafu akakaa.

"Ni mwandiko wake," akasema.

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. 'Ofelia, umevipima vikiwa vibichi?' Akanijibu, 'Nimepima ulivyoagiza, daktari.' Nikasema moyoni, huyu bado kanuna, nikaendelea na kazi."

"Na hukushuka kuangalia mwenyewe?"

"Maabara ilikuwa chini. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya nne." Akafunga daftari. "Hilo si jibu, najua."

Kwa hiyo nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, sasa ninao wawili, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma.

Swali la Aprili ulinijibu nusu. Sasa ninaliuliza kwa namna nyingine. Mirta ameniambia karatasi ya dakika ishirini ilibandikwa ukutani mwa kliniki. Jina lake lilikuwa chini yake. Ulikuwa unakaa wapi mama alipokuwa anasafishwa?

M.


Puerto Cenizo, Jumatatu, 12 Oktoba 2009
Asubuhi mawingu, joto la mapema, mbu.

Marisel,

Nimeianza barua hii mara tisa. Rasimu nimezihifadhi, ukizitaka.

Nilikaa chini yake. Kiti cha mgeni kiko ukutani pale, na karatasi ilikuwa juu ya kichwa changu.

Nitakwenda kwa mpangilio. Tarehe 3 Juni 1998, siku kumi na mbili baada ya kicheko, nilipima kipande kimoja kabla ya kukitia spiriti, kwa udadisi tu. Nikakipima tena baadaye. Nilielewa mara moja. Sikuhitaji milinganyo, mtu aliyewahi kuanika nyama anaelewa. Nilisimama kwenda kumwambia. Nilifika ngazi ya pili nikasema: mizani haisemi. Nikarudi, nikaandika, nikafunga daftari. Aliponiuliza nilimjibu vile alivyokwambia. Lilikuwa jibu tamu kuliko yote niliyowahi kumpa mtu.

Mgonjwa sikumuwaza. Niliwaza ukumbi, wenye suti, mtu fulani siku moja akipima upya na yeye akisimama bila neno. Niliitunza siku hiyo kama wengine wanavyotunza vitambaa vya harusi.

Mama yako alianza kusafishwa Machi mwaka jana. Siku ya kwanza nililiona jina ukutani. Wiki ile nilimwambia Mirta, "Iache dawa ikae kidogo zaidi." Akasema, "Karatasi inasema ishirini, Ofelia. Umekuwa daktari lini?" Mama yako Zulma akacheka kitini kwake: "Mwache dada yangu, huyo amefanya kazi na maprofesa." Mirta akazungusha kuku wake.

Ningeweza kusema. Lakini ningeulizwa umejua tangu lini, na umejuaje, na mbona hukusema. Nikajiambia labda utando wake ni mwembamba. Nikajiambia wiki ijayo. Safari zilikuwa sitini na tatu; zimo kwenye shajara yangu, kila moja na hali ya hewa yake. Homa ilianza Jumanne, tarehe 12 Agosti.

Daftari la tisa halikuoza. Nililichoma kwenye jiko tarehe 27 Julai.

Namchukia bado. Nilidhani nikikuandikia haya ningepumzika na hilo, lakini sijapumzika. Angeliandika jina langu, ningepanda zile ngazi.

Usinihurumie, wala usimwonee huruma yeye. Msomee hotuba yako mbele ya watu kama tulivyopanga. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Ofelia


Montevideo, 20 Novemba 2009

Kwa Ofelia Techera,

Sherehe ilikuwa juzi. Watu walikuwa mia mbili na zaidi, mkewe mstari wa mbele, kama ulivyotaka. Nilisoma dakika kumi na moja. Nilipomaliza alisimama akasema, "Jedwali ni langu, na kosa la kutoshuka ngazi ni langu."  Zawadi waliyompa aliiacha kwenye kiti. Mkewe alinipita mlangoni kama vile mimi ni ukuta.

Basi hilo ombi lako limetimia. La kwake ni la kwake, nimemlipa. Sasa nakulipa wewe.

Sahihisho limechapishwa. Miaka kumi na moja umelilia jina lako, nami nimeliandika. Ni la kwanza, kabla ya langu: O. Techera na M. Bentancor. Sikulificha chini kwenye shukrani. Jedwali lina safu nne: kipande, unene wa utando mbichi, unene baada ya spiriti, na tarehe. Mstari wa juu kabisa ni wako, 158 na 41. Tarehe ya kupimwa: 3 Juni 1998. Tarehe ya kutolewa: haikutolewa.

Nakala nimeituma kwa kila kliniki iliyokuwa ikitumia zile dakika ishirini. Ya Puerto Cenizo nimemwomba Mirta aibandike pale pale, juu ya kiti cha mgeni.

Krismasi sitakuja. Kaburi la mama nimemlipa mtu mwingine alisafishe.

Marisel Bentancor Techera


Puerto Cenizo, Jumatatu, 30 Novemba 2009
Asubuhi angavu, digrii ishirini na mbili, upepo kutoka mtoni.

Marisel,

Salamu hutaki, kwa hiyo sizileti. Nakuandikia kilichotokea leo, kwa sababu wewe ndiye wa kukipokea, uchome ukitaka.

Nilikwenda kliniki saa mbili asubuhi. Viti vinne vilikuwa na watu. Karatasi iko pale ulipoagiza. Nilisimama mbele yake nikalisoma jina langu. Sitakudanganya: kwanza nilifurahi. Ilichukua muda wa pumzi moja, lakini nilifurahi, na hilo pia liandike.

Mzee mmoja wa kiti cha pili, don Nelson Cabrera aliyekuwa fundi wa reli, akaniita. "Mama, nisomee kwa sauti. Miwani nimeiacha nyumbani na huyu Mirta ananiambia tu sasa dawa inakaa humo mpaka nirudi keshokutwa, hasemi kwa nini."

Nikamsomea. Vichwa vya safu, namba, tarehe. Niliposoma "haikutolewa" akaniuliza, "Haikutolewa maana yake nini?"

"Maana yake aliyepima alijua, akanyamaza."

"Na huyo Techera ni nani?"

"Ni mimi."

Mirta alikuwa anafunga bandeji, mikono ikasimama. Don Nelson alitazama mrija wake unaotoka shingoni, kisha akanitazama mimi.

"Mwaka jana yangu ilikaa dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Nililazwa mara mbili mwaka jana."

"Najua. Zulma alikuwa ananisimulia."

 Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Akasema, "Mke wangu haji tena, miguu imemshinda. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa nakaa hapa kwa muda wa saa nne natazama ukuta. Basi wewe utakaa kwenye hicho kiti chini ya jina lako, nikuone. Kila siku nitakayokuja. Ukichelewa nitamtuma Mirta akulete."

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka mmoja wetu aache kuja."

Nikaketi. Hakuna aliyezungumza nami saa nne zote. Mwanamke wa kiti cha nne, niliyemfahamu tangu shule, aligeuza uso ukutani na kukaa hivyo mpaka akamaliza. Mirta aliponipita na beseni alisema taratibu, "Ungeniambia tu, Ofelia. Ningeacha hata masaa sita. Mimi nilikuwa nafuata karatasi."

Jumatano nitakwenda. Na Ijumaa.

Naongeza hapa Jumanne, tarehe mosi. Usiku wote nilikaa jikoni na shajara ya mwaka jana, nikizisoma zile safari sitini na tatu, moja baada ya nyingine. Nililala saa tatu asubuhi, na hali ya hewa ya leo sikuiandika.